Shajara ya mradi: kuhamisha mita ya boda ili simu ipate nafasi

Pikipiki ni ya cc 150, inasambaza vifurushi na chakula mjini Nairobi. Rimu ya mbele ni ya inchi 17, tairi 2.75-17, breki ya ngoma, na mita ya kebo imekaa juu ya taa kubwa. Kishika simu kimefungwa katikati ya hendeli, kwa hiyo simu inaifunika mita yote: dereva anaona ramani, haoni mwendo. Isitoshe, mshale unarukaruka kati ya 20 na 60 hata boda ikijikokota kwenye foleni, na odomita (tarakimu zinazohesabu kilomita) leo inatembea, kesho imegoma.

Kazi yenyewe ni kutoa mita kubwa, kufunga ndogo ya kebo yenye kipenyo cha milimita 60 upande wa kushoto wa hendeli, chini kidogo ya simu, na kuhakikisha taa zote za ishara zinawaka. Kuhamisha mita ni kazi ya asubuhi moja. Kilichokula siku ni kuifanya iseme kweli.

Siku ya 1

Kabla ya kufungua chochote, odomita ilipigwa picha na nambari ikaandikwa kwa rangi chini ya kiti: 41,386. Mita mpya itaanza na sufuri. Bila rekodi hiyo hakuna atakayejua injini imetembea kiasi gani, na siku ya kuuza, mnunuzi ataonyeshwa uongo hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya.

Uchunguzi ulianzia juu. Nati ya kebo nyuma ya mita hufunguka kwa vidole. Ikidai koleo, ujue kuna kutu. Boda ikawekwa kwenye stendi kubwa, mtu akakalia nyuma ili gurudumu la mbele lining'inie, likazungushwa kwa mkono. Uzi wa ndani wa kebo unatakiwa kuzunguka bila kusita. Huu ulizunguka robo, ukasimama, ukaruka.

Uzi ulivutwa nje kutokea juu. Ungekuwa umekatika, kipande cha chini kingebaki ndani. Ulitoka mzima, ila mkavu kabisa, na ncha ya chini ambayo huwa na pembe nne ilikuwa imelika hadi kukaribia kuwa mviringo. Kisha mita yenyewe ikajaribiwa: kipande cha uzi mkuukuu kikaingizwa nyuma na kusokotwa kwa vidole. Mshale ukapanda na kurudi bila kukwama. Mita nzima, basi ugonjwa uko chini.

Gurudumu likatolewa: nati ya kurekebisha breki ililegezwa, skrubu inayoshika kebo ya mita kwenye bamba la breki ikatolewa, kisha nati ya ekseli. Ndani ya bamba la breki ndimo inamokaa gia ya mita. Kuna gia kubwa ya plastiki inayozunguka pamoja na habu (kitovu cha gurudumu), na pinioni ndogo ya chuma iliyolala mkingamo, ambayo ndiyo inayosokota uzi. Gia kubwa huendeshwa na kipete cha bati chenye masikio mawili yanayoingia kwenye nafasi mbili za habu. Hapa sikio moja lilikuwa limepondeka, la pili limekunjika.

Masikio hayapondeki kwa uzee, hupondwa siku ya panchari. Gurudumu hurudishwa bila kulinganisha masikio na nafasi zake, ekseli inakazwa, masikio yanabanwa kati ya bamba na habu. Gurudumu likionekana zito, mwenye boda huambiwa litafunguka likitembea. Na kweli hufunguka, masikio yakishapondeka.

Meno yakahesabiwa kabla gia haijatupwa kando: kubwa 22, pinioni 9. Nambari hizo mbili ndizo ufunguo wa kazi yote. Kisha gurudumu likawekwa kwa muda, bila gia, ili boda isukumike.

Siku ya 2

Hakuna spana iliyoshikwa siku hii, ni chaki, futi ya kamba na kalamu.

Mita ya kebo haiijui barabara. Inachojua ni mizunguko ya uzi. Uzi huzungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini bila kukigusa. Mikondo ya umeme inayozaliwa kwenye alumini hukifanya kikombe kitake kuifuata sumaku, na kamani nyembamba hukirudisha. Mshale umeshikana na kikombe hicho. Odomita haina habari na sumaku: huendeshwa kwa gia moja kwa moja kutoka kwenye uzi. Kwa hiyo mshale unaweza kudanganya kwa sababu ya kamani iliyochoka, lakini odomita ikidanganya ni kwa sababu imeletewa mizunguko ambayo haikutengenezewa.

Mita nyingi za pikipiki za Kijapani, na zile zilizoigwa kutoka kwazo, hutaka mizunguko 1,400 kwa kila kilomita. Kwa kuwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni kilomita moja kwa dakika, uzi ukizunguka mara 1,400 kwa dakika mshale husimama kwenye 60. Zipo mita za 1,000, hasa hizi ndogo za urembo, na zipo za 637, ambazo huonekana zaidi kwenye magari. Kwa macho zote ni sawa: nati ile ile, tundu lile lile la pembe nne. Zitaingia na kukaza vizuri kabisa, kisha zidanganye.

Sasa gurudumu. Kwenye karatasi mzingo wa 2.75-17 ni inchi 17 ukiongeza 2.75 mara mbili, mara 25.4, mara 3.1416, unapata milimita 1,795. (Ni nambari ile ile ya mita za Nairobi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo haisahauliki.) Lakini tairi lenye mzigo hubonyea na kupunguza hatua yake, ndiyo maana kupima ni lazima. Upepo ulijazwa psi 25, alama ya chaki ikawekwa kwenye tairi na sakafuni, dereva akakaa, boda ikasukumwa moja kwa moja hadi gurudumu lilipomaliza mizunguko 5. Futi ilisoma mita 8.80, yaani mita 1.76 kwa mzunguko. Kupima mzunguko mmoja tu hakutoshi. Kosa la sentimita mbili kwenye mmoja ni zaidi ya asilimia 1, kwenye mitano halifiki robo ya asilimia.

Hesabu: 1,000 kugawa kwa 1.76 ni mizunguko 568 ya gurudumu kwa kilomita. Mara 22, kugawa kwa 9, ni mizunguko 1,389 ya uzi. Tunatafuta mita ya 1,400. Tofauti ni chini ya asilimia 1.

Kama gia haiwezi kufunguliwa, njia nyingine ni kubandika kipande cha tepu kwenye ncha ya juu ya uzi kama bendera, kuzungusha gurudumu mara 10 kamili na kuhesabu bendera. Kwa gia hii nzima ingetoa 24 na karibu nusu. Ikitoa kama 17 na nusu, hiyo ni gia ya mita ya 1,000. Ikitoa 11 hivi, ni ya 637.

Siku ya 3

Vipuri vilitafutwa Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanaita Grogan: gia kubwa na kipete chake, sili ya mpira ya bamba la breki, kebo mpya, na mita. Gia ilihesabiwa meno papo hapo kwenye kaunta. Ya kwanza iliyotolewa rafuni ilikaa sawasawa na ya zamani kwa upana na tundu, lakini meno hayakuwa 22. Ni ya boda ya rimu kubwa zaidi. Ikarudishwa.

Mita nayo ina kipimo chake cha kaunta, na hakihitaji mashine. Kata sentimita 15 za uzi mkuukuu kutoka upande ambao pembe nne bado ni nzima, uingize nyuma ya mita, na uzungushe kwa mkono ukihesabu hadi tarakimu ya mita mia isogee hatua moja kamili. Mizunguko 140, mita ni ya 1,400. Mizunguko 100, ni ya 1,000. Tarakimu zikirudi nyuma, unazungusha upande usiofaa. Geuza mkono, na ukumbuke kulinganisha upande huo na ule ambao kebo ya pikipiki inazunguka, maana si gia zote zinazungusha upande mmoja. Dakika tatu zinatosha, na muuzaji akichoka kusubiri, hilo nalo ni jibu.

Mita ya kwanza, yenye sura nzuri na ukingo unaong'aa, ilitoa 100. Ingefungwa kwenye gia hii, boda ikiwa kwenye 60 mshale ungesimama kwenye 83, na odomita ingeongeza kilomita 39 za hewa kwa kila 100. Dereva anayebadilisha oili kila kilomita 2,000 angeibadilisha kila 1,440. Hiyo ni hasara ya mfuko tu. Hatari ni kinyume chake: mita ya 1,400 kwenye gia ya 1,000. Hapo mshale unasema 50, ambao ndio mwisho wa sheria ndani ya mji hapa Kenya, na boda iko kwenye 70.

Mita ya tatu ndiyo iliyotoa 140. Ina taa ya usiku, nyutro, taa ya fulu na indiketa, nyaya nane.

Kuhusu mita za kidijitali, maana swali hilo huja kila mara: zinafaa, na tatizo la 1,400 linatoweka kwa sababu unaandika mzingo mwenyewe. Kwa boda hii ungeandika 1760 na sumaku 1. Ukibandika sumaku mbili na kuacha mpangilio wa moja, kila kitu kinasoma mara mbili. Lakini sensa inakaa chini karibu na tope, waya wake unakunjwa kila shoki inapopanda, na betri dhaifu huzima mita wakati wa kuwasha. Boda inayolala nje na kuoshwa kwa mashine ya presha kila jioni imefunguliwa njia tatu mpya za kuharibika. Kebo inabaki.

Siku ya 4

Mahali pa mita palitafutwa kwa boksi la karatasi lililokatwa ukubwa wa mita na kubandikwa kwa tepu, huku simu ikiwa kwenye kishika chake. Mambo manne huangaliwa: simu isifunike, kebo ya klachi isisugue, mita isiguse tangi hendeli ikikatwa hadi mwisho kushoto, na dereva aone kwa kushusha macho bila kushusha kichwa. Sehemu iliyopita mtihani ni milimita 70 kushoto ya katikati, milimita 40 chini ya usawa wa hendeli, uso umeinamishwa kuelekea kwa dereva kiasi cha kuona kioo bila jua la saa sita kuakisi.

Breketi ilikatwa kutoka bati la alumini la milimita 2 lililotoka kwa mafundi wa Kamukunji: upana milimita 25, urefu 140, imekunjwa pembe mraba. Tundu la milimita 8.5 kwa bolti ya kishikio cha hendeli, la 10 upande wa mita ili kupisha mpira wa kuzuia mtetemo, na bolti ya milimita 6 ndani ya mpira huo. Bolti ya hendeli ya zamani ilibadilishwa na ndefu zaidi kwa milimita 2 ili nyuzi zinazoshika zisipungue. Alumini ilichaguliwa kwa kuwa haishiki kutu. Uamuzi huo utarudi chini.

Siku ya 5

Gurudumu lilitolewa tena na kurudishwa na gia mpya kwanza, mita baadaye. Bamba la breki lilisuguliwa, vumbi la breki likatolewa kwa kitambaa kibichi, gia ikapakwa grisi kidogo, na sili mpya ikaingizwa mdomo ukielekea nje. Sili iliyochanika huruhusu grisi kufika kwenye viatu vya breki, na hapo mita inafanya kazi vizuri kwenye boda isiyosimama.

Masikio: kipete kikiwa ndani ya bamba, bamba linaegemezwa kwenye habu na gurudumu linazungushwa polepole hadi bamba lizame milimita chache zaidi. Kuzama huko husikika mkononi. Kama halijazama, usikaze. Pia mfereji ulio nje ya bamba lazima uingie kwenye jino la shoki. Likiachwa nje, siku breki itakaposhikwa kwa nguvu bamba zima litazunguka na gurudumu, litavuta kebo na kujifunga. Hili ni la kuangaliwa mara mbili kuliko mita yenyewe.

Ekseli ilipokazwa, gurudumu lilizunguka huru. Kebo ikafungwa chini, juu ikaachwa wazi, gurudumu likazungushwa: uzi ukaenda laini. Mara 10 za gurudumu, bendera ya tepu ikahesabu 24 na karibu nusu, kama karatasi ilivyosema.

Uzi mpya ulipakwa grisi nyepesi kuanzia chini, sentimita 15 za juu zikaachwa kavu. Uzi umesukwa kama skrubu. Grisi ikizidi hupandishwa hadi ndani ya mita, ikagandisha kikombe kwenye sumaku, na mshale ukabaki kwenye 80 boda imeegeshwa. Ncha ya juu ilichomoza kama sentimita moja nje ya ganda. Ikichomoza mno, nati inapokazwa uzi unasukuma mita kwa ndani na kuila. Ikiwa fupi, haifiki kwenye tundu, na mshale unacheza kama ule wa zamani.

Njia ya kebo ilikuwa ya kushoto: kutoka bamba la breki, kupitia kishikio cha waya kwenye shoki, nyuma ya taa, hadi kwenye mita. Urefu ulipimwa injini ikiwa imeinuliwa kwa jeki ili shoki zinyooke kabisa, hendeli ikakatwa kulia hadi mwisho, maana hapo ndipo kebo ya upande wa kushoto huvutwa zaidi. Ilibaki legevu kidogo. Vizuri.

Siku ya 6

Nyaya ndizo zinazotenganisha kazi safi na kazi ya "itafanya tu". Rangi za nyaya hazikuaminiwa, kwa kuwa boda ya miaka kadhaa imeshapitia mikono mingi. Kila waya ulitafutwa kwa tesita na kuandikwa kwenye tepu.

Taa ya usiku. Kwenye boda nyingi taa kubwa haiwaki hadi injini ing'urume; hiyo ni dalili kwamba inalishwa moja kwa moja na koili inayozalisha umeme injini ikizunguka, umeme wa kwenda na kurudi, wala si wa betri. Tesita iliwekwa kwenye volti za AC injini ikizunguka, ikathibitisha. LED za mita zikilishwa hapo hupepesa injini ikiwa chini na hufa mapema. Chanzo kikawa waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, volti 12 za betri, kupitia fyuzi ya ampea 1. Mita inawaka wakati wote ufunguo ukiwa wazi, na haidhuru; inakula kidogo sana.

Nyutro. Swichi ya nyutro iko kwenye gia-boksi na haitoi umeme, hutoa athi: gia ikiwa nyutro, waya wake unagusa fremu. Taa ya nyutro basi hupata chanya kutoka kwenye ufunguo na hasi kutoka kwenye waya wa swichi. Mita nyingi za bei ya chini zimeunganisha hasi za taa zote kwenye waya mmoja mweusi; ukifunga mweusi kwenye fremu, nyutro inawaka gia zote au haiwaki kabisa. Hii ina nyaya mbili peke yake kwa nyutro, na hiyo ilikuwa sababu ya pili ya kuichagua.

Indiketa ndiyo iliyochukua muda. Mita ya zamani ilikuwa na balbu moja ya indiketa kati ya waya wa kushoto na wa kulia, bila athi. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye balbu hiyo na kurudi kupitia balbu za kulia, ambazo haziwaki kwa sababu umeme uliopita ni mdogo. Mpango huo unafaa balbu ya kawaida. LED hupitisha umeme upande mmoja, kwa hiyo mita mpya iliwaka kwa kushoto na kunyamaza kwa kulia. Dawa ni diodi mbili za 1N4007, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu: moja kutoka waya wa kushoto, moja kutoka wa kulia, upande wenye mstari ukielekea kwenye mita, zikutane kwenye waya wa chanya wa LED, hasi iende kwenye fremu. Ukiacha diodi na kuunganisha nyaya mbili moja kwa moja, indiketa zote nne zitawaka pamoja kama gari lililokwama.

Taa ya fulu inalishwa na umeme ule ule wa koili, hivyo nayo ilipewa diodi moja kwa mfululizo. LED za mita hii zina rezista ndani. Zisizo nayo zinahitaji ohmu 1,000 kila moja.

Viungo vyote vililehemiwa na kuvikwa mpira unaobana kwa joto, kisha vikaingizwa ndani ya bakuli la taa kubwa. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu nyeusi kunadumu hadi mvua ya Aprili.

Siku ya 7

Jaribio la barabara lilifanyika Jumapili alfajiri Eastern Bypass, kabla malori hayajaamka. Simu ilionyesha mwendo wa GPS, abiria akasoma na kuandika ili dereva atazame barabara. GPS huchelewa, kwa hiyo kila mwendo ulishikiliwa sekunde 15 kwenye sehemu tambarare iliyonyooka kabla ya kusoma.

Raundi ya kwanza haikukamilika. Kuanzia kwenye 20 mshale ulitetemeka kama unaona baridi, ukatulia baada ya 40. Gia ni mpya, uzi mpya. Kilichobaki ni kona ya kebo. Nyuma ya taa ganda lilikuwa limepinda kwa nusu kipenyo cha sentimita 7 hivi. Uzi uliopindwa hivyo haugeuki kwa usawa: hujikunja, huhifadhi nguvu, hujiachia. Kwenye mwendo mkubwa mruko huo hauonekani. Kebo ikatolewa kwenye kishikio chake cha juu, ikapitishwa mbele ya shoki badala ya nyuma, kona yake ikafunguka hadi sentimita 16. Mtetemeko ukaisha. Usiruhusu kona chini ya sentimita 15 mahali popote, na sentimita chache za mwisho kabla ya mita zinyooke kabisa.

Raundi ya pili: GPS 30, mita 32. GPS 50, mita 53. GPS 70, mita 75. Odomita kwa kilomita 10 za GPS ilisoma 9.9, kama hesabu ya 1,389 kwa 1,400 ilivyotabiri. Kwa nini mshale unazidisha na odomita inapunguza? Mshale hupangwa kiwandani uzidishe kwa makusudi. Kanuni nambari 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu mita kuonyesha pungufu ya mwendo halisi hata kidogo. Kuzidisha inaruhusu hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu. Kwa 50 halisi, mwisho ni 59. Tuko ndani.

Tairi la mbele likibadilishwa kuwa 3.00-17, mzingo unakua kwa asilimia 2 na kidogo, na mshale utapungua kiasi hicho hicho. Akiba iliyopo inaubeba mzigo huo.

Wiki ya 2

Breketi ya alumini imepasuka. Ufa mwembamba kama unywele umetokea kwenye mkunjo, upande wa ndani, nusu ya upana. Alumini haina kutu, lakini huchoka. Kila mtetemo unaibia kidogo, na mkunjo mkali wa pembe mraba unakusanya kazi yote mahali pamoja. Mita ndogo haina uzito wa kutisha, ila imekaa mwisho wa mkono wa sentimita kadhaa juu ya injini ya silinda moja. Breketi mpya ni chuma laini cha milimita 3, mkunjo umeviringwa kwa kukunjia kwenye bomba badala ya ukingo wa meza, kingo zimepigwa tupa, primaa na rangi mbili. Matundu yalitobolewa kabla ya kukunja.

Ukungu umeonekana ndani ya kioo baada ya kuoshwa kwa presha. Sili ya kioo iliongezewa silikoni kuzunguka ukingo, na tundu la milimita 2 likatobolewa sehemu ya chini kabisa ya kasha, kwa mkono na si kwa drili, kwa kuwa vumbi la chuma likifika kwenye sumaku haliondoki tena. Maji yataingia siku moja. Bora yapate mlango wa kutokea. Waoshaji wameombwa wasielekeze presha kwenye mita wala kwenye mlango wa kebo kwenye bamba la breki.

Nati zote zimekazwa tena, diodi zimeguswa na hazina joto, gurudumu limezungushwa na masikio hayasikiki. Mita inasoma 598. Oili ilibadilishwa mara ya mwisho kwenye 40,000 na inafuata kwenye 42,000, yaani mita mpya ikifika 614. Hiyo ni leo au kesho.